Safety au security? Neno letu moja likigeuka mawili kwa Kiingereza, mnachaguaje?

#1 KalamuPembeni (mleta uzi)

Wakuu, habari za mwisho wa juma.

Natafsiri ripoti za miradi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, nyingi za kilimo na afya. Leo nimekwama kwenye sentensi fupi tu: "Mradi umeimarisha usalama wa chakula katika kata zote." Niandike food safety au food security? Aliyeandika ripoti yuko likizo, simu haipatikani, na mfadhili anaisubiri Jumatatu asubuhi.

Kwa asiyefuatilia mambo haya, tofauti ni kubwa. Food security ni watu kuwa na chakula: kipo, wanakifikia, kinatosha, na hakikatiki katikati ya mwaka. Ndivyo, kwa sehemu kubwa, Mkutano wa Dunia wa Chakula ulivyoeleza pale Roma mwaka 1996, na wafadhili wengi bado wamesimama hapo. Food safety ni chakula hicho kutomdhuru anayekila.

Sisi yote mawili tunayaita usalama wa chakula. Mtu wa Wizara ya Kilimo akilitamka neno hilo, kichwani ana maghala na mavuno. Mtu wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wenye kazi ya chakula iliyokuwa ya TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), akilitamka ana maabara kichwani. Wapo wanaoandika "uhakika wa chakula" kwa lile la kwanza. Natamani tungekubaliana wote hivyo, ila ripoti zinazofika mezani kwangu hazijakubaliana.

Watu wakizungumzia ugumu wa maneno ya Kiingereza hutaja buy na purchase, begin na commence, help na assist. Hayo kwangu si ugumu. Ukikosea hapo barua yako itasikika kama maelezo ya polisi, lakini maana inafika. Panapoumiza ni pale neno letu moja linapogawanyika mawili kule, kwa sababu hata hujui kwamba kuna cha kuchagua. Unaandika la kwanza lililokujia, linaonekana sawa, na kompyuta hailipigii mstari mwekundu.

Lete mfano wa fani yako, na useme unaamuaje. Kamusi ninazo.

#2 SitiYaMbele

Nimeshafika. Madini yaje.

#3 RadaNaMnara

Mkuu, kwenye usafiri wa anga hili lilishamalizwa, maana lisingeweza kuachwa hivi hivi. Mkataba wa Chicago wa 1944 una viambatisho vyake. Cha 17 ni cha security. Cha 19, kilichoanza kutumika 2013, ni cha safety. Vitabu viwili, mafunzo mbalimbali, wakaguzi mbalimbali. Kunguru aliyeingia kwenye injini, taa ya njia ya kurukia iliyozimika, rubani aliyechoka: safety. Mtu aliyeficha kisu kwenye begi au aliyeruka uzio usiku: security.

Kanuni ninayowapa vijana wanaoanza kazi ni swali moja: kuna mtu mwenye nia mbaya hapa? Yupo, ni security. Hayupo, ni safety. Bango la "Usalama Kwanza" likibandikwa karibu na lango la kupekua mizigo huwa nacheka peke yangu, maana hujui linakuonya usiteleze au linakushuku.

#4 KivuLeo

Bandugu, niko Goma. Yetu ni mara mbili ya yenu. Kwenye Kifaransa cha uwanja wa ndege, safety inaitwa sécurité na security inaitwa sûreté. Kwa hiyo aliyesoma Kifaransa akiona security, mkono unamwenda kwenye sécurité, na tayari amepotea. Halafu toka nje ya uwanja: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ni Conseil de sécurité. Pale sécurité imerudi kuwa security ya Waingereza!

Siku hizi sitafuti neno lililofanana kwa sura. Nauliza karatasi imetoka ofisi gani.

#5 BaridiYaHamburg

Na Wajerumani wana Sicherheit, moja kwa yote mawili, kama sisi tu. Na magari wanatengeneza. Nasema mapema kabla hajaja mtu kutuambia Kiswahili ni maskini.

#6 JiraniWaMtito

Salamu kutoka Kenya. RadaNaMnara, kanuni yako ni nzuri pale langoni, lakini kwenye chakula inakwama. Food security adui yake nani? Ukame hauna nia mbaya na mtu. Job security vilevile, hakuna mwizi hapo, kuna mtu asiyetaka kuachishwa kazi. Social security je? Nyinyi mnaiita hifadhi ya jamii. Hamsemi usalama wa jamii. Naona security ina mguu wa pili: kutonyang'anywa ulicho nacho, awe anayenyang'anya ni jambazi, ni mvua iliyokataa kunyesha, au ni bosi. Kiswahili cha mguu huo mara nyingi ni uhakika au hifadhi.

Na tusidhani mchezo wa maneno ya ripoti unaishia mezani. Mwaka 2004 huku Ukambani, Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu. Wagonjwa waliorekodiwa walikuwa 317, waliofariki 125. Mengi yalikuwa mahindi ya mashamba yao wenyewe, yamewekwa ndani kabla hayajakauka sawasawa. Chakula kilikuwemo nyumbani. Mwenye kuhesabu magunia angeandika kwamba kaya ina chakula na akaenda zake.

Mleta uzi, hebu weka aya nzima. Sentensi moja haitoshi.

#7 KalamuPembeni

Nimekuelewa, jirani. Aya ni hii:

"Wakulima walipatiwa mifuko isiyopitisha hewa pamoja na turubai za kuanikia, na kufundishwa namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi. Kwa hatua hizo mradi umeimarisha usalama wa chakula katika kata zote."

Unaona balaa? Turubai inakausha, na mahindi makavu hayaoti kuvu, hapo ni safety. Mfuko usiopitisha hewa unaua dumuzi, mdudu anayekula mahindi ghalani, magunia yanabaki mazima hadi masika, hapo ni security. Aya imekaa katikati ya barabara.

#8 JiraniWaMtito

Basi achana na aya, nenda kwenye jedwali la matokeo nyuma. Walipima nini? Kama walihesabu magunia au miezi, walikuwa na security kichwani. Kama walipeleka sampuli maabara, ni safety. Kama hawakupima kitu, usiwape jina ambalo hawakulifanyia kazi. Andika kilichotokea: wakulima walikausha, walihifadhi, walipoteza kidogo kuliko mwaka jana. Mfadhili atapachika jina mwenyewe.

#9 KalamuPembeni

Jedwali lina safu ya "miezi ambayo kaya ina akiba ya mahindi". Maabara haijatajwa mahali popote. Ni security, imekwisha. Nimeacha pia maelezo pembeni kwamba ukaushaji unaweza kuwa umepunguza kuvu lakini haukupimwa.

Uzi uendelee. Fani nyingine?

#10 ChumaChakavu

Mnajitesa bure. Mwingereza mwenyewe anachanganya. Ongea ueleweke, kama mtu hajaelewa atauliza.

#11 NesiWaZamu

Kaka Chuma, kwenye mazungumzo uko sahihi. Kwenye faili hakuna wa kuuliza. Aliyeandika ameshamaliza zamu, amelala.

Kwetu mgonjwa anaongea Kiswahili na faili linaandikwa Kiingereza. Dalili kwetu ni dalili. Kiingereza cha hospitali kinagawa. Kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kifua ni symptoms: anayahisi mgonjwa, wewe huwezi kuyaona, unamwamini. Homa uliyoipima ikasoma 39, upele, mapigo ya moyo yanayokimbia ni signs: umeyaona au umeyapima wewe. Ukiandika macho ya manjano kwenye sehemu ya malalamiko ya mgonjwa, anayepokea zamu anajua mgonjwa kasema hivyo. Hajui kwamba wewe umemvuta kope ukaangalia. Ni habari mbili zenye uzito tofauti.

Lingine ni karantini. Wakati wa korona kila kitu kiliitwa karantini, hata mtu aliyelazwa. Kumtenga aliyeugua ni isolation. Kumtenga mzima aliyekutana na mgonjwa, ukisubiri uone kama ataugua, ni quarantine. Ukisoma maelekezo ya Kiingereza ukawafanya kundi moja, ukawaweka chumba kimoja, umewapa wazima ugonjwa kwa mkono wako. Mimi kwa Kiswahili nasema "kutengwa kwa sababu anaumwa" na "kutengwa kwa uangalizi". Ni marefu lakini hayamchanganyi mama wa kijijini wala mimi.

Na wanaoniuliza kila siku kuhusu kuumwa: headache, toothache, stomach ache, earache, backache. Mguu hauna ache yake, unasema pain in my leg. Kariri tu.

#12 SitiYaMbele

Sista umetisha. Kuanzia leo nikija hospitali nasema hizi ni symptoms zangu, signs tafuteni wenyewe.

#13 MwalimuWaKani

Mimi nafundisha fizikia sekondari ya serikali. Mtoto ametoka darasa la saba na neno moja, nguvu. Kidato cha kwanza anakuta force, energy, power, strength, na mwalimu anazitaja kana kwamba mtoto alizaliwa nazo. Istilahi za Kiswahili zipo siku nyingi, kani kwa force na nishati kwa energy, ila shule ya msingi hazijamkaa na sekondari haturuhusiwi kuzitegemea kwenye mtihani.

Ninachofanya ni kuanza na LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Namuuliza, ukinunua umeme unanunua nini? Atasema umeme. Namwambia unanunua energy. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani jouli milioni 3.6. Power ni kasi ya kuila hiyo energy, na imeandikwa chini ya jiko: wati 2000. Jiko hilo likiwaka nusu saa limemeza uniti moja. Taa ya wati 10 itahitaji saa 100 kumeza uniti ile ile. Energy ile ile, power mbalimbali. Baada ya hapo hachanganyi tena, kwa sababu ameshawahi kukatikiwa umeme akiwa ameinjika maharage.

Mass na weight ni shida ya dukani. Dukani tunasema uzito kilo mbili, na tuko sawa, hakuna muuza unga atakayetuelewa tukisema newtoni. Kwenye karatasi ya mtihani weight ni newtoni. Mtu wa kilo 60 ana weight ya newtoni kama 600 hapa duniani; mwezini inabaki sehemu moja ya sita, na kilo zake 60 haziguswi.

Ninalolipenda kuliko yote ni accuracy na precision. Zote tunaita usahihi. Chukua mizani ya muuza nyama inayozidisha gramu 50 kila mara, asubuhi na jioni, kwa kila mteja. Mizani hiyo ni precise kabisa, hairukiruki. Lakini si accurate. Mwizi mwenye nidhamu.

#14 ChumaChakavu

Hilo la mizani nimelikubali.

#15 Ngazi7

Wakuu na mimi naomba msaada, ila nyie mnanichanganya. Nafanya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, mwezi ujao. Mwalimu wa tuisheni katupa orodha ndefu: usiandike many, andika plethora, usiandike use, andika utilise, usiandike think, andika opine. Anasema msamiati ni robo ya alama za uandishi, kwa hiyo kila neno la kawaida ulibadilishe. Mleta uzi anasema buy na purchase si kitu. Nani yuko sahihi?

#16 KalamuPembeni

Mdogo wangu, mwalimu wako yuko sahihi kuhusu robo. Vigezo vya uandishi ni vinne na vina uzito sawa, na kimoja ni msamiati. Ila soma maelezo ya kigezo chenyewe kwa ngazi ya 7. Wanataka maneno yasiyo ya kawaida pamoja na kujua mtindo na maneno yanayoandamana. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo orodha yako imeiruka.

Plethora si many. Hubeba harufu ya kupita kiasi, vingi mpaka vinaleta kero. Ukiandika kwamba Tanzania ina plethora ya mbuga nzuri, msomaji anajiuliza kama unataka nyingine zifungwe. Opine ni la mhariri wa gazeti anayemkejeli mtu kidogo. Kwenye insha litakaa vibaya mno. Utilise lina mahali pake, hasa pale kitu kinapotumiwa kwa kazi ambayo hakikutengenezewa, lakini ukiliweka kila mahali unasikika kama tangazo la zabuni.

Orodha kama hizo hutoka kwenye kamusi za visawe. Ile maarufu ya Kiingereza ilitolewa 1852 na daktari aliyeitwa Roget. Alipanga maneno kwa makundi ya maana ili mwandishi aliyesahau neno alikumbuke. Nakazia: aliyelisahau. Kitabu kile kinamhudumia mtu ambaye neno tayari analijua. Mgeni akikiingia anaona maneno ishirini yamepangwa mstari mmoja kama askari, anadhani yana cheo kimoja.

Sasa sikiliza hili, maana limetoka bara letu. Mwaka 1993 msomi wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, Bill Louw, alichapisha makala akionyesha kwamba neno la Kiingereza linaweza kuonekana halina upande, kumbe siku zote linatembea na wabaya. Mfano wake ulikuwa utterly. Kamusi itakwambia ni "kabisa". Lakini ukikusanya sentensi halisi kwa mamia, utterly inafuatwa na kuharibika, kuchoka, upuuzi, kukosa maana. Wengine baada yake walionyesha cause ina tabia hiyo hiyo: cause inafuatwa na ajali, uharibifu, kifo, matatizo. Kwa hiyo mtahiniwa akiandika kwamba mradi umecause ajira, msahihishaji hataona kosa la sarufi. Ataona tu kitu kinachokwaruza.

Na sisi sikio hilo tunalo tayari! "Amesababisha ajali", sawa. "Amesababisha harusi ifane", hapana, aliifanikisha. Hakuna aliyekufundisha darasani kwamba kusababisha kunapenda mabaya. Umelisikia mara elfu likiwa na majirani zake. Na mbuzi wako akifa hutaandika "mbuzi wangu amefariki", ingawa kamusi inasema kufa na kufariki ni mamoja. Kiingereza kinataka sikio la namna hiyo hiyo, kasoro yake hukukulia ndani yake, basi itabidi uliazime kwenye sentensi za watu.

Namna ya kuazima: usitafute tafsiri ya neno, tafuta sentensi. Kamusi za wanafunzi, hasa tangu COBUILD ilipotoka 1987 na kuchukua mifano kutoka maandishi halisi, zinakuonyesha neno likiwa kazini. Ipo pia hazina ya sentensi za Waingereza inayoitwa British National Corpus, maneno milioni 100, unatafuta bure mtandaoni. Andika neno lako, soma mistari thelathini, angalia kushoto na kulia kwake nani wamekaa. Ukiona majirani hawafanani na sentensi yako, liache.

Kwa mtihani wako: maneno kumi unayoyajua hadi majirani yatakupa alama kuliko orodha nzima ya tuisheni. Na use, andika use.

#17 Ngazi7

Kaka nashukuru sana. Lakini orodha nilinunua buku tano.

#18 MskatiMpemba

Asalaam aleikum. Nimesoma kimyakimya tangu juu. Naongeza la historia, kwa sababu linasaidia kuchagua.

Wanormani walipoiteka Uingereza 1066 walikuja na Kifaransa chao, na Kilatini kilikuwa tayari cha kanisa na wasomi. Ndiyo maana Kiingereza kina ngazi tatu za jambo moja. Ask ni la nyumbani. Question limekuja na Kifaransa, limevaa rasmi. Interrogate ni la Kilatini, na sasa limekaa kituo cha polisi. Mtu akifahamu ngazi hizo, nusu ya maneno yanajipanga yenyewe.

Sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hilo. Kuuliza ni la Kibantu, utalitumia popote. Kuhoji ni la asili ya Kiarabu, na anayehojiwa anajua kuna jambo. Kusaili nalo ni la Kiarabu, na sasa limehamia kwenye vyumba vya kuombea kazi. Ukiambiwa "bosi anakuuliza", "bosi anakuhoji" na "bosi anakusaili", ni mioyo mitatu itakayokudunda kwa namna tatu.

Kwenye nyama hali ni nyingine. Ng'ombe akiwa zizini ni cow la Kiingereza cha kale, akifika mezani ni beef la Kifaransa; ukiandika cow meat kwenye orodha ya vyakula, mgeni atacheka. Ila mbuzi hakupata bahati hiyo, goat meat ni sawa tu. Na tahadhari kwa wanaokuja huku Ghuba: mutton kwa Mwingereza ni kondoo, lakini kwenye migahawa ya Kihindi hapa Muscat mara nyingi ni mbuzi. Neno moja, wanyama wawili, uliza kabla ya kuagiza.

#19 NjiaYaMachame

Mimi napandisha wageni mlimani, langu fupi. Kwetu kila kitu ni kirefu: mlima, mtu, barabara, kisima. Kwa Kiingereza mlima ni high, mtu na mti ni tall, barabara ni long, kisima ni deep. Kilimanjaro ni high, mita 5,895. Msije mkamwambia mgeni kwamba mpagazi wake is very high. Ataomba abadilishiwe, akidhani kijana kavuta bangi.

#20 SitiYaMbele

😂😂😂 Uzi wa mwaka.

#21 WakiliWaKata

Nimechelewa, nilikuwa na kesi. Kwetu hakuna visawe. Sheria ikitumia maneno mawili, mahakama inadhani ilikusudia mambo mawili.

Wizi ndio mfano mwepesi. Mtaani aliyechukua simu mezani, aliyekukaba koo akaichukua, na aliyevunja dirisha usiku, wote ni wezi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inawatenganisha. Theft ni kuchukua kwa hila kitu ambacho huna haki nacho. Robbery ni pale nguvu au vitisho vinapotumika wakati wa kuchukua, kabla kidogo au baada kidogo. Ukiwa na silaha unahamia armed robbery, na hapo kifungo hakipungui miaka 30. Kuvunja nyumba nako kuna majina mawili, housebreaking na burglary, na kinachoyatenganisha ni usiku: ya usiku ndiyo burglary. Sasa shahidi anasema kwa Kiswahili "aliniibia", mtu anaandika stole, na lile koo lililokabwa limetoka kwenye karatasi. Ndiyo maana namuuliza shahidi "alikuchukulia vipi?" na sikubali neno "aliniibia" likae peke yake.

May na shall: zote mbili watu huzitafsiri kwa kauli inayojikunja, "inaweza", "itafanyika". Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, imeshasema: may ni hiari ya mwenye mamlaka, shall ni lazima. Kwa kuwa sheria ilibadilishwa 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, kazi hii ya kutafsiri inatuhusu wote sasa. Nawasihi watafsiri: shall iwe "lazima" au "atatakiwa". "Ataweza" ni mlango uliouacha wazi.

Na yale mapacha ya mikataba, will and testament, null and void, cease and desist, ni mazoea ya zamani ya mawakili, kuambatanisha maneno mawili ya maana ile ile. Hayo msiyatafutie tofauti. Neno moja la Kiswahili linatosha, "wosia" ni wosia.

#22 Ngazi7

Wakili, samahani, kuna dhamana. Shemeji yangu alishikwa, wengine wakasema bail, wengine bond. Halafu friji nayo ina dhamana. Na benki wakanitaka niwe dhamana ya mkopo wa mtu. Hili neno lina kazi ngapi?

#23 JiraniWaMtito

La shemeji nijibu mimi, maana Katiba yetu ya 2010 imeyaweka yote mawili sentensi moja. Ibara ya 49(1)(h) inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa bond or bail, kwa masharti ya haki. Kwenye mazoea ya mahakama zetu, watu wakisema cash bail ni pesa taslimu umeweka mahakamani, zinarudi kesi ikiisha kama hukukimbia. Bond ni ahadi ya maandishi, mara nyingi na mdhamini aliyeweka hati ya shamba au logbuku ya gari; pesa haijatoka, itadaiwa shemeji akitoroka. Kwa hiyo jamaa zako huenda wote walikuwa sahihi, walikuwa wanataja njia mbili.

#24 WakiliWaKata

Jirani amemaliza. Ya friji ni warranty: mtengenezaji anaahidi kuhusu kitu chake mwenyewe, kikiharibika ndani ya muda huo atatengeneza au atabadilisha. Ya benki ni guarantee: unaahidi kuhusu deni la mtu mwingine, asipolipa unalipa wewe, na wewe unaitwa guarantor. Yule anayesimama mahakamani kwa ajili ya shemeji ni surety. Kwenye Kiswahili wote hao ni wadhamini.

Kabla hujasaini ya benki, tafuta kwenye karatasi kiwango kamili cha pesa unachodhaminia. Kama hakijaandikwa, rudisha karatasi.